Nani Kasema Runinga Imeinyamazisha Sebule?

Ukitaka kusikia televisheni ikisemwa vibaya, wasubiri watu wazima wabaki na chai yao baada ya kikao cha harusi. Watailaani mpaka saa mbili usiku ikaribie, kisha mmoja baada ya mwingine wataaga, wawahi taarifa ya habari. Mashtaka yao nayajua kwa moyo.

La kwanza ni kwamba televisheni ni mgeni wa juzi, imeingia na soko huria, na sisi tulichelewa kuipata kwa kuwa tulikuwa maskini. Ukitazama Tanzania Bara peke yake, tarehe zinaonekana kuwaunga mkono: ITV na wenzake wa kwanza walianza katikati ya miaka ya 1990, na televisheni ya serikali, TVT, ikafuata mwaka 2000. Lakini Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962. Zanzibar nayo ilikuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yake yote, haikuwa na televisheni ya aina yoyote. Iliipata Januari 1976. Fedha walikuwa nazo. Watawala wa ubaguzi waliogopa tu kile ambacho wananchi wangekiona. Bara palikuwa na sababu nyingine kabisa. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliiona televisheni kuwa anasa ya wachache wa mjini, ikachagua redio inayofika hadi kijijini. Mimi nadhani uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake, lakini hata asiyeupenda akubali kuwa ulikuwa uamuzi. Na waliokuwa na seti Dar es Salaam walisimamisha antena ndefu juu ya paa, wakainasa Zanzibar ng'ambo ya maji.

Shtaka la pili ndilo zito: kwamba runinga imeua mazungumzo ya familia. Zamani bibi alitoa hadithi, watoto wakaitikia. Sasa wote wanakodolea kioo. Hapa naomba tuulizane, bibi huyo alikuwa wapi? Chumba cha kupanga Magomeni au Kariobangi hakikuwa na bibi hata kabla ya televisheni. Alibaki kijijini, wajukuu wakaenda bweni, na baba akawa kazini mpaka usiku. Seti ilipoingia ikakuta sebule tayari ina watu wachache, ikaongeza wengine: watoto wa jirani mkekani, na waliokosa nafasi wakichungulia dirishani.

Tena hao hawakunyamaza. Nani aliwahi kutazama *Vioja Mahakamani* kimya? Sebule nzima ilishamhukumu mshtakiwa kabla hakimu hajafungua mdomo. Katika *Vitimbi*, Mzee Ojwang' na Mama Kayai wakianza kugombana, kila nyumba iligawanyika pande mbili, na pande hizo mara nyingi zilifuata ndoa ya humo ndani.

Hapo ndipo ilipo sababu ya familia kutazama pamoja, na wanaoilaumu runinga huipita bila kuiona. Mwaka 2011 TBC, mrithi wa TVT, ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, *Doudou na Mama Wakwe Zake*. Ilipata watazamaji wengi kiasi kwamba Rais Xi Jinping aliitaja alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013. Doudou ni muuguzi wa Beijing aliyeolewa na mtoto wa wazazi walioachana, akajikuta ana mama wakwe wawili. Beijing ni mbali, lakini mkwe ni mkwe. Mke aliyeolewa Tandika hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba anaingilia mambo ya nyumba. Anaweza, hata hivyo, kusema huku macho yako kwenye kioo, "Huyu mama naye, mwanawe si keshakuwa mtu mzima?" Na mama mkwe akamjibu, macho palepale, "Na huyo binti angejifunza kwanza kupika." Wamesemana, wamesikiana, na hakuna wa kumshitaki mwenzake kwa mumewe. Wanawake wa pwani wamefanya hivyo kwa kanga tangu enzi za bibi zao. Doudou aliwapa doti nyingine tu.

Hivyo shtaka la tatu, kwamba tamthilia za kigeni zinafuta utamaduni wetu, limeshajibiwa nusu. Nusu iliyobaki angeijibu marehemu Lufufu, aliyesimulia filamu za nje kwa Kiswahili juu ya sauti zake, akafafanua, akatania, mpaka mhusika wa Marekani akawa kama mtu wa mtaa wa pili. Azam ilipokuja kuitia Kiswahili *Sultan* ya Kituruki, ilikuta watazamaji walishazoea kumpokea mgeni na kumgeuza wao. Wenye shtaka hili wana hoja moja tu ninayoiheshimu: kipindi cha kununua ni rahisi kuliko cha kutengeneza. Kundi la Kaole lililokuwa ITV, lililomlea Steven Kanumba, lilihitaji waigizaji, kamera na muda. Lakini hilo ni la kumuuliza mwenye kituo na bajeti yake, mtazamaji hahusiki.

La nne, kwamba simu imeiua televisheni, halina haja ya maneno mengi. Anayeliamini aje sebuleni siku ya Simba na Yanga. Simu ina uzuri wake, ila ukivaa spika masikioni huna wa kumpiga kijembe.

Nikiwa wakili wa runinga, kuna shtaka moja ningeshindwa kulitetea, na wazee wa chai hawajalileta bado. Tangu mitambo ya analojia izimwe Dar es Salaam mwisho wa 2012, seti isiyo na king'amuzi ni pambo la ukutani. Na kwa wengi, yenye king'amuzi nayo huwa pambo kuanzia tarehe 20, kifurushi kikiisha kabla ya mshahara.