Utafiti wa Afya Uwe Mali ya Wananchi

Kati ya mwaka 1977 na mwaka 1982, watoto wa Wilaya ya North Mara, nchi ambayo leo imegawanyika kuwa Tarime na Rorya, walikuwa wakipewa vidonge vya klorokwini mara mbili kila mwezi. Wataalamu walitaka kujua kama kuzuia malaria kutapunguza saratani ya Burkitt, maradhi yanayovimbisha taya za watoto. Shughuli hiyo iliongozwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa. Saratani ilipungua, lakini kwa kuwa ilikuwa imeanza kupungua hata kabla ya vidonge kugawanywa, jibu la mwisho halikupatikana. Habari hizo zimeandikwa katika majarida ya wataalamu wa ulimwengu. Twauliza: ni wazazi wangapi wa Tarime, ambao wana wao walimeza vidonge vile, wanaoweza leo kueleza kilichogunduliwa?

Hatuwalaumu wataalamu wale. Walifanya kazi ya maana, na ugonjwa wenyewe ulikuwa mbaya. Tunalotaka kusema ni kwamba umefika wakati wananchi wa Tarime na Serengeti wasiwe watu wa kupimwa tu, bali wawe wenye kuuliza swali, wenye kulitafutia jibu, na wenye kulimiliki jibu hilo likipatikana. Na fedha za kazi hiyo yapasa zitafutwe kwanza kwa Serikali yetu wenyewe.

Wilayani Serengeti tumekwisha kuona nguvu ya maarifa ya wananchi. Tangu mwaka 2002 watafiti wamekuwa wakifuata nyayo za kichaa cha mbwa kijiji hata kijiji. Huanza na kumbukumbu za hospitali na zahanati juu ya watu walioumwa. Kisha huenda majumbani kuuliza mbwa yule alikuwa wa nani, alitoka wapi, na amemwuma nani mwingine. Mwenye kujua majibu hayo ni mchungaji, ni mama wa nyumba, ni mtoto wa shule. Maarifa ya namna hiyo yamesaidia kuthibitisha kwamba mbwa wapatao 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa huu, ambao dalili zake zikishatokea ni nadra sana mtu kupona, waweza kukatizwa njiani. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha za kazi hiyo imetoka Uingereza na Marekani. Twashukuru, lakini mfadhili aweza kubadili nia yake wakati wowote, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Wapo watakaosema: zahanati zina upungufu wa dawa, fedha za utafiti ni za nini? Swali hilo ni la haki, nasi twalijibu. Asiyejua mbwa wenye kichaa wanatoka upande gani atapeleka chanjo mahali pasipo na haja nayo, na mahali penye kilio hatapeleka kitu. Utafiti wa kijiji ni taa ya kumulikia matumizi ya fedha chache tulizonazo.

Yako pia mambo ambayo mgeni hawezi kuyapata kwa kuhesabu peke yake. Sheria ya mwaka 1998 iliharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Mara wanawake 32 kwa mia wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha 28 kwa mia. Hesabu hizo zatuonyesha ukubwa wa jambo. Hazituelezi kwa nini mzazi mmoja huacha na jirani yake akaendelea, wala ni neno gani litakalowageuza wazee wa inchama. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wenye kulijua hilo ni wasichana waliokimbia, mama zao, ngariba walioacha kisu, na wazee wenyewe. Na hao ndio wanaostahili kukaa pamoja na mtaalamu na kulipanga swali.

Kadhalika, maji yenye sumu ya mgodi wa North Mara yalipovuja kuelekea Mto Tigithe mwezi Mei 2009, palizuka ubishi mkubwa juu ya madhara yake kwa watu na mifugo. Ubishi wa namna hiyo hauishi kwa utafiti unaolipiwa na mwenye mgodi. Na tuseme kweli: tangu mapatano ya mwaka 2020 Serikali yenyewe ina hisa 16 kwa mia katika mgodi huo. Kwa hiyo haitoshi fedha kutoka Serikalini. Lazima wananchi wawe na sauti katika kuchagua mahali pa kuchota maji ya kupimwa, na matokeo yasifungiwe katika kabati la ofisi yoyote.

Jambo hili si geni kwetu, wala hatukuliazima ng'ambo. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadili maradhi yao. Kisha wakashika majembe wakachimba vyoo. Kuanzia mwaka 1975, huko Bagamoyo, watafiti wa Tanzania na Finland waliifanya kazi ya Jipemoyo pamoja na wanavijiji. Mataifa mengine yalikuja kujifunza utafiti shirikishi kutokana na mambo yaliyofanyika katika nchi hii. Itakuwa aibu sisi tuusahau.

Vyombo tunavyo. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na ina kituo Mwanza. Tume ya Sayansi na Teknolojia iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na kutoa ruzuku za utafiti ni katika kazi zake. Lakini ruzuku haimfuati mtu aliyekaa kitako. Kijiji peke yake hakiwezi kuandika ombi likakubaliwa. Kinahitaji mtaalamu wa chuo au wa taasisi, kibali cha maadili, na makisio ya fedha yasiyo na udanganyifu. Basi Halmashauri za Tarime na Serengeti, kwa mikono ya Waganga Wakuu wa Wilaya, ziwe daraja kati ya Mkutano Mkuu wa Kijiji na wataalamu hao.

Kwa upande wa Serikali, twashauri kwamba sehemu ya ruzuku za afya itengwe kwa ajili ya utafiti unaoanzia vijijini, kwa masharti yasiyo na mzaha: swali litoke katika mkutano wa wananchi, anayefanya kazi ya kukusanya habari alipwe jasho lake, asiyetaka kupimwa asilazimishwe, hesabu ya fedha isomwe hadharani, na matokeo yarudishwe barazani kwa Kiswahili, na penye haja kwa Kikurya, Kingoreme au Kiikoma, kabla hayajapelekwa kwenye mikutano ya mbali.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, mkutano ujao wa kijiji usimalizike kwa hotuba tu. Ulizeni: ni ugonjwa gani unaotumaliza, nasi hatujui chanzo chake? Liandikeni swali hilo katika muhtasari, mkabidhini diwani, na mfuatilieni mpaka lifike Halmashauri na kwa wataalamu. Swali lililoandikwa na watu wengi si rahisi kupuuzwa.