Bukavu: Kuzungusha skuru ya karburateri si dawa ya bei ya esanse

Kila mara bei ya esanse inapopanda, motari wengi wa Bukavu wanafanya jambo moja. Jioni wanaingiza pikipiki uani, wanachukua turnevisi na kuzungusha skuru ndogo ya karburateri ili injini inywe kidogo. Nia yao inaeleweka: mwenye pikipiki anasubiri pesa yake kila jioni, hata siku ambayo wateja walikosekana. Lakini njia hiyo inawadanganya.

Skuru hiyo inaongoza injini pale pikipiki imesimama ao inatembea polepole. Motari akivuta gesi kupanda mlima, esanse nyingi inapita kwa sindano na jiklere, lile tundu dogo la shaba lililo ndani. Skuru haigusi sehemu hiyo. Tena karburateri hazifanani. Skuru ikiwa upande wa filtre ya hewa, kuikaza kunaongeza esanse. Ikiwa upande wa injini, kuikaza kunaipunguza. Anayemuiga jirani anaweza kupata kinyume cha alichotafuta.

Wengine wanaenda mbali zaidi: wanashusha sindano ao wanaweka jiklere ndogo. Bukavu iko kando ya Ziwa Kivu, kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi, na kupunguza esanse kidogo kunaweza kufaa. Lakini pikipiki hiyo hiyo ikiteremka Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye mita 770 hivi, inakuta hewa nzito zaidi. Esanse inakuwa haba, injini inapata joto kupita kiasi, na mwishowe supape ao pistoni inaungua. Akiba ya miezi mingi inaishia kwa makanika siku moja, na watoto wanalala njaa wakati pikipiki imelala karakana.

Kuna hatari ingine: esanse inayomwagika karibu na jiko la makala inaweza kuchoma nyumba nzima.

Hakuna ubaya motari kuijua pikipiki yake. Lakini aanze na vitu rahisi: asafishe filtre ya hewa, achunge esanse ya vidumu isiwe na maji ao uchafu, na atazame buji. Buji nyeusi yenye masizi inaonyesha esanse imezidi. Nyeupe inaonyesha imepungua. Ya rangi ya kahawia iko sawa. Akilazimika kugusa skuru, kwanza ahesabu mizunguko iliyopo na aiandike, injini iwe imepata joto, na kazi ifanyike nje.

Vyama vya motari vinajua kukusanya michango. Vingetumia sehemu yake kumlipa makanika mwenye ujuzi afundishe wanachama, motari wangepata faida kuliko kila mmoja kubahatisha peke yake usiku.