Imani na Tunda Lake

Hapa Base ya Kamina sisi Wakatoliki twaishi jirani na Wamethodisti, na kwenye msiba twalia pamoja. Lakini swali moja limezoea kututenga: je, twaokolewa kwa imani, au kwa matendo?

Mtakatifu Paulo awafundisha Waefeso ya kuwa wokovu ni zawadi ya Mungu, nasi twaipokea kwa imani, asiwepo wa kujivuna. Papo hapo aongeza kwamba tumeumbwa ili tutende mema. Naye Yakobo auliza imani yafaa nini, ikiwa mwenye njaa twampa maneno matupu.

Hayo ndiyo waliyoyakiri Wakatoliki na Walutheri mjini Augsburg, tarehe 31 Oktoba 1999, na Wamethodisti wakaafiki mwaka 2006: neema hutangulia, matendo mema ni matunda yake.

Basi baba asemaye, “Nimeamini,” huku yatima wa nduguye amelala njaa, asijidanganye. Wala mama ahesabuye sadaka zake asidhani kwamba Mungu ana deni kwake. Jioni hii, kabla ya sala, tumwite yule mtoto aje ale pamoja nasi.