Mpira Ukipotea Njia



Juma lililopita mzazi mmoja alitujia nyumbani, uso umekunjamana. Mwanawe, kijana wa miaka 14, ameanza kujifunza mchezo wa gofu, ambao si mgeni hapa Lubumbashi, kwani hata mtaa mmoja wa mji wetu waitwa Golf. Akatuambia: «Mwalimu, kila mpira anaoupiga mtoto huyu waangukia kuume. Namwonya kila siku, naye azidi kuharibu. Sasa asema hataki kuishika fimbo tena.» Tukamwuliza: «Wamwonya kwa maneno gani?» Akajibu: «Namwambia aelekee kushoto, ili mpira upate kurudi katikati.»

Basi, siku ya Jumamosi tukaenda pamoja nao uwanjani. Tulimwomba baba jambo moja tu: anyamaze mpaka mwanawe amalize kupiga mipira kumi. Sisi tukashika daftari na kalamu. Tukachagua mti mmoja mbele yetu uwe shabaha, tukaandika kwa kila mpira mambo mawili: umeanza kuelekea wapi, tena umepinda upande gani. Mahali ulipoangukia hatukupaandika.

Daftari lilipojaa, baba alistaajabu. Yeye alikuwa akitazama mwisho tu, akaona kuume, kuume, kuume. Kumbe mipira minane katika ile kumi ilianza upande wa kushoto wa mti, kisha ikapinda hewani kwenda kuume, ikaupita mti, ikapotea. Mpira huo haukukosa njia mara moja, bali mara mbili.

Yafaa tueleze sababu yake. Fimbo hukutana na mpira kwa muda wa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hakuna jicho liwezalo kuona yanayotendeka wakati huo. Mpira peke yake ndio shahidi, nao hutoa ushuhuda wa mambo mawili. La kwanza ni uso wa fimbo, yaani mahali panapogonga mpira, ulikuwa umeelekea wapi. La pili ni njia ya fimbo yenyewe, ilikuwa ikipita toka wapi kwenda wapi. Zamani vitabu vingi vilifundisha kwamba mpira huanza safari yake kwa kufuata njia ya fimbo. Siku hizi vyombo vya rada vimepima na kuonyesha kwamba uso wa fimbo ndio wenye neno kubwa zaidi katika mwanzo wa safari. Kisha, uso na njia visipopatana, mpira hupinda. Uso ukiwa umefunguka kuume kuliko njia, mpira hupinda kuume. Ukiwa umefungwa kushoto kuliko njia, hupinda kushoto. Na mpira ukipigwa katikati ya uso, nayo njia na uso vikipatana, huenda moja kwa moja, hata kama ni upande usiotakiwa.

Wala msidhani kwamba kosa lazima liwe kubwa. Mpira ukiacha mstari kwa digrii moja tu, ukifika meta 200 utakuwa mbali na shabaha karibu meta tatu na nusu. Ukiacha kwa digrii tano, utakuwa mbali zaidi ya meta 17.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Kwa kutii shauri la baba, alikuwa amegeuza miguu na mabega kushoto, na njia ya fimbo ikageuka pamoja navyo. Lakini mikono yake iliishika fimbo kama mwanzo, na uso wake ukabaki wazi. Kwa hiyo tofauti kati ya njia na uso ikaongezeka, na mpira ukapinda kuliko zamani. Baba naye akipaza sauti: «Kushoto zaidi!» Mtoto akitii zaidi, mpira ukipotea zaidi. Tazameni jinsi utii mwema unavyoweza kuharibu kazi, shauri lenyewe likiwa limekosea.

Tulianza na mikono. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umekaa upande wa kushoto mno juu ya fimbo, hata akitazama chini hakuona kifundo cha kidole. Tukauzungusha kidogo kuelekea kuume, mpaka alipoona vifundo viwili vya vidole. Mkono wa kuume ukaufuata. (Maneno haya ni kwa wale wapigao kwa mkono wa kuume, wa mkono wa kushoto wageuze.) Hatukugusa kitu kingine. Tukampa mipira mitano, apige kwa nusu ya nguvu, meta 40 hivi.

Mipira ikaruka moja kwa moja bila kupinda, ila yote ilikwenda kushoto ya mti! Hapo baba hakuweza kujizuia tena: «Ole! Sasa wapotea upande mwingine!» Tukamjibu: «La, mzee. Sasa mpira wasema kweli. Waenda pale pale mwanao anapoelekea. Tazama miguu yake.» Baba akatazama miguu, akanyamaza kitambo. Kisha akasema polepole: «Ni mimi niliyemweka hivyo.»

Tukachukua fito mbili, tukazilaza chini kama reli mbili za gari-moshi. Moja ilielekea mti, karibu na mpira. Ya pili ikawa sambamba nayo mbele ya vidole vya miguu. Hapa wengi hukosea, hata wakubwa: huelekeza miguu yenyewe kwenye shabaha. Sivyo. Mpira ndio uendao kwenye shabaha. Miguu hupita kando yake kama reli ya pili. Tena tulimfundisha kijana kusimama kwanza nyuma ya mpira, achague jani au kijiwe kilicho hatua moja mbele yake kwenye mstari wa shabaha. Jack Nicklaus, Mmarekani aliyeshinda mashindano makuu 18, alikuwa na desturi hiyo. Ni rahisi zaidi kuelekeza fimbo kwenye kitu kilicho karibu kuliko kwenye mti wa mbali.

Kijana akapiga tena mipira kumi. Sita ilikwenda karibu na mti, minne ikatawanyika. Si muujiza. Lakini uso wake ulikuwa mwingine, kwa maana sasa alijua sababu ya kila mpira.

Na asiwepo mtu anayedhani kwamba mpira kupotea njia ni aibu ya wanaoanza tu. Ben Hogan, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1912, alianza kwa kuwabebea wachezaji fimbo zao. Miaka mingi alisumbuliwa na mpira uliopinda kushoto mno. Alitafuta dawa kwa mazoezi ya siku nyingi, na sehemu ya dawa hiyo ilikuwa kubadili namna ya kuweka mkono wa kushoto. Mwaka 1953 alishinda mashindano makuu matatu katika mwaka ule ule mmoja.

Ninyi wazazi na walimu, myashike basi haya machache. Kwanza, tazameni mipira kumi kabla ya kusema neno, kwa maana mpira mmoja hauthibitishi kitu. Pili, ulizeni mwanzo wa safari na upande wa kupinda. Tatu, pakeni chaki ya ubao kwenye uso wa fimbo, ili alama ionyeshe mpira uligongwa wapi. Kwa fimbo kubwa ya mbao au chuma, kugonga pembeni kwatosha kuupindisha mpira. Nne, sahihisheni jambo moja tu, mkianza na mikono na miguu kabla ya kugusa mwendo wa fimbo. Tano, msitibu kosa kwa kosa la pili. Atakayeelekea kushoto ili aponye mpira upindao kuume, atakuwa na magonjwa mawili.

Tulipokuwa tukikusanya mipira, jua likishuka, tulimsikia kijana akimwuliza baba yake: «Baba, Jumamosi ijayo tutarudi?» Baba akamjibu: «Tutarudi. Nami nitashika daftari.»

Juma lijalo, wapenzi wasomaji, tutasema juu ya mipira mifupi iliyo karibu na kishimo, ambako digrii moja hugombana na upana wa sentimeta 10 na kitu tu. Kwaherini.