Kabla ya Ng'ombe Kutoka Zizini

Hapa Busia mtoto akiwa na ugonjwa wa selimundu, mara nyingi nasikia mama yake akilaumiwa, eti ukoo wao una mkosi. Nakataa kabisa. Ugonjwa huo, ambao chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu, haumpati mtoto ila amerithi kasoro kwa baba na kwa mama pia.

Mwaka 1949 Bwana Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa nchi hiyo. Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, katika baadhi ya makabila wenye kasoro hiyo walizidi 20 katika 100. Nyanda za juu hawakufika hata 1. Mwaka 1954 akaeleza sababu: aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali. Basi kilichowalinda babu zetu ndicho kinachowatesa wajukuu!

Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina hatari ya 1 katika 4. Wako wasemao kupima damu ni kuvunja uchumba. Mimi nasema wachumba wapimwe kabla ng'ombe wa mahari hawajatoka zizini. Wakishajua, waamue wenyewe, si wajomba.