Saraka Zilizo Wazi na Amana ya Mkulima

Miongoni mwa mambo ambayo bodi za shule, vyama vya ushirika na vikundi vya akiba vya huku kwetu Kedowa, na kote katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, humwachia fundi wa tovuti pasipo kumuuliza swali hata moja, liko moja ambalo, ijapokuwa laonekana dogo, lagusa sitara ya watu wengi: nalo ni jawabu ambalo seva itampa mtu aombaye saraka badala ya faili.

Anwani ikiishia kwa alama ya mkwaju, seva hufahamu kwamba kilichoombwa ni saraka, nayo hutafuta ndani yake ukurasa wa kumpokea mgeni, aghalabu index.html; ikiukosa, ama itakataa kwa jawabu la 403, ama itajitungia yenyewe faharasa ya kila kilichomo. Programu ya seva iitwayo Nginx hukataa, maana autoindex yake, yaani uwezo wa kuorodhesha, huwa imezimwa mpaka mtu aiwashe. Lakini mwenzake Apache, jinsi ifungashwavyo katika Debian na Ubuntu, huja na mstari wa Options Indexes FollowSymLinks juu ya saraka ya /var/www, yaani ruhusa ya kuorodhesha, na fundi mwenye haraka huuacha vivyo hivyo.

Hapo ndipo mtu yeyote, awe Londiani au London, awezapo kufunguliwa ukurasa mweupe wenye kichwa cha Index of, na chini yake majina ya faili yamejipanga pamoja na tarehe na ukubwa wake: orodha ya karo, nakala za vitambulisho, jedwali la bonasi lenye namba ya mkulima, simu yake na kilo alizopeleka. Hakuna nywila iliyoibwa wala hila iliyotumika. Ni sawasawa na karani wa kituo cha kununulia majani chai aliyeliacha daftari lake wazi kando ya mizani akaenda zake. Fauka ya hayo, mitambo ya utafutaji huweza kuupita ukurasa huo na kuunakili, hata kosa likaishi baada ya kusahihishwa.

Wako watakaosema kwamba taasisi ya umma haina haki ya kuficha kitu. Hasha! Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, iliyompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali katika kifungu cha 35, ndiyo hiyo hiyo iliyomhifadhia faragha yake katika kifungu cha 31, na baina ya viwili hivyo hakuna mgongano, maadamu uwazi ni tendo la kukusudia: hesabu za chama zitangazwe kwa ukurasa uliotayarishwa, na kitambulisho cha mwanachama kisitangazwe kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo, katika kifungu cha 41, yataka ulinzi ujengwe tangu mwanzo na uwe ndio hali ya kawaida. Na kifungu cha 43 chaagiza kwamba data ikifikiwa na asiyeruhusiwa, na pakawa na hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

Dawa yenyewe ni mstari mmoja, Options -Indexes, katika mipangilio mikuu ya seva, au katika faili ya .htaccess pale AllowOverride iruhusupo. Ila tusijidanganye: kufunga orodha si kufunga faili, kwa kuwa aliyeiona bonasi-2023.pdf hatashindwa kubahatisha bonasi-2024.pdf, wala robots.txt si kufuli, bali ni ombi tu kwa mitambo ya utafutaji, tena husomwa na kila mtu na kumfichulia majina ya saraka zenyewe. Nyaraka za siri zihamishwe nje kabisa ya saraka inayotolewa na seva, na asomaye athibitishe kwanza yeye ni nani.

Kwa hiyo nawasihi wenyeviti na makatibu: fundi asimaliziwe malipo yake mpaka aziandike anwani za saraka zote mbele ya kamati, moja baada ya moja, na kamati ione kwa macho yake jawabu la kila mojawapo. Mkulima aliyetoa namba ya kitambulisho chake ili alipwe majani yake aliitoa kuwa amana, na dhamana ya amana hiyo i juu ya aliyeipokea, si juu ya fundi aliyeajiriwa kwa siku mbili.