Mkopo na Mahali pa Kuuzia

Msomaji, wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Tazama sasa jinsi mchuuzi wa Nairobi anavyofikishwa upesi kwenye matanga hayo.

Mwaka 2022 Serikali ilianzisha Hazina ya Hasla. Mwenye kibanda akaweza kukopa kwa simu, kuanzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka, alipe baada ya siku 14. Vyema. Lakini atalipa kwa nini, ikiwa siku ya tatu askari wa jiji wamekivunja kibanda chake ili mji upendeze? Serikali ya taifa hukopesha, ya kaunti hubomoa, na deni humbakia mchuuzi.

Wako wasemao, "Wachuuzi na wapewe soko lao." Walipewa. Mwaka 2008 lilifunguliwa soko la Muthurwa, mashariki ya katikati ya jiji. Wengi walihamishiwa huko, na wengi wakarudi, kwa kuwa wanunuzi hawakuhama pamoja nao. Rasilimali ya mchuuzi si fedha tu. Ni mahali pake na watu waliozoea kupita hapo.

Sisemi mji usitengenezwe. Nasema kwamba kabla ya kubomoa, wakubwa hawana budi kujibu mbele ya wachuuzi wenyewe: kesho watauzia wapi? Katiba ya mwaka 2010 yataka wananchi washirikishwe. Nanyi vijana, mtakapoketi katika bunge la kaunti, msipitishe mpango usio na jibu hilo.